Maabara Iliyo Ndani ya Ua: Kupiga Picha Wadudu Wadogo mjini Bunia



Mnajua kwa nini siku hizi tunafundisha elimu ya viumbe ubaoni. Juni 2012 waasi walivamia Epulu, makao makuu ya Hifadhi ya Okapi. Watu waliuawa, pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Mei 2021 jimbo letu la Ituri likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwalimu gani leo atapakia wanafunzi kwenye gari kwenda Mambasa au Djugu, awaahidi wazazi kwamba watarudi? Msitu upo, nasi tunaufundisha kwa mchoro.

Nimekuja kuwaambia kwamba parseli zetu, zile zenye migomba miwili, lenga-lenga, sombe na mparachichi nyuma ya choo, zinatosha kufanyia utafiti wa kweli. Sisemi hivyo ili tujifariji. Kwa wadudu, bustani ya nyumbani ina faida ambayo hata hifadhi haina: mtu anaweza kuurudia mmea uleule na wadudu wake, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Kwanza tukumbuke nani aliyetangulia. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa niaba ya jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Chapin alikuwa kijana wa miaka 19 walipoondoka. Lang ndiye aliyeshika kamera, akarudi na picha karibu 10,000. Siafu, chungu na sisimizi waliokusanywa katika msafara ule walimpa mtaalamu wa wadudu William Morton Wheeler kazi ya kuandika kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000, kilichotoka mwaka 1922. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini karibu kila mdudu aliyemo alimfikia Wheeler akiwa mfu. Jinsi anavyolala, anavyojificha, anavyomkwepa kinyonga, hayo hayakuingia kwenye chupa ya pombe kali. Kazi hiyo imebaki kwetu tunaoishi naye.

Nichukue mfano mmoja. Yuko nzi ambaye macho yake hayako kichwani kama ya nzi wengine. Kichwa kimetoa vijiti viwili, kimoja kila upande, na jicho limekaa kwenye ncha ya kila kijiti. Ni wa jenasi Diopsis, aliyoiandika Linnaeus tangu 1775. Wakulima wa mpunga wana sababu ya kumjua, maana mabuu wa baadhi ya jamaa zake huingia ndani ya shina changa na kulifanya chipukizi la katikati likauke. Kwenye parseli mtafute penye kivuli na unyevu: chini ya majani ya migomba, au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Watu wengi huishi naye miaka wasimwone. Ni mdogo, na mwenye macho yaliyotengana hivyo humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye.

Anapotoka kwenye ganda lake, vijiti hivyo bado ni vifupi na laini, vimejikunja. Nzi huvijaza kwa msukumo wa ndani, vikanyooka mbele ya macho yako kwa muda mfupi, halafu vikakauka na kuwa vigumu. Baada ya hapo havirefuki tena maisha yake yote. Madume wawili wakigombana husimama uso kwa uso na kupimana vijiti. Mwenye vifupi mara nyingi huondoka bila vita. Na urefu huo hutegemea sana chakula alichopata alipokuwa buu. Kwa hiyo anayepima vijiti vya nzi aliyekomaa anapata habari za utoto wake.

Hapa ndipo kamera inapokuwa chombo cha kupimia. Lenzi ya makro hutupa picha ya uwiano wa moja kwa moja: milimita moja ya mdudu inakuwa milimita moja kwenye kitambuzi cha kamera. Kitambuzi kikubwa kina upana wa milimita 36. Kikiwa na nukta 6,000 kwa upana huo, kila milimita ya nzi inachukua nukta kama 167. Hesabu nukta kutoka jicho hadi jicho, gawanya kwa 167, umepata kipimo cha milimita bila kumuua wala kumshika.

Sharti lake ni gumu. Ukikaribia kiasi hicho, sehemu inayoonekana kwa ukali ina unene wa milimita moja tu hivi, lenzi ikiwa imefungwa hadi f/8. Ukikuza mara mbili, unabaki na theluthi moja ya milimita. Nzi akikaa upande kidogo tu, jicho moja ni kali na jingine ni ukungu, na kipimo kimeharibika. Ukiifunga lenzi zaidi ili kuongeza unene huo, mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea. Njia iliyobaki ni kumkabili uso kwa uso, macho yote mawili na lenzi vikae sambamba. Uso huo ndio anaowaonyesha wapinzani wake, kwa hiyo picha inayofaa kupimwa ndiyo pia inayoonyesha anachokiona dume mwenzake.

Mengine ni ya mikono. Nenda alfajiri, kabla jua halijamtia joto. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na baridi ya asubuhi humfanya awe mzito. Usimtupie kivuli. Flashi ifunikwe kwa plastiki nyeupe, ili mwanga uwe laini. Asiye na lenzi ya makro ageuze lenzi yake ya kawaida ya milimita 50 kwa pete ya kuishikilia, au abandike kilenzi kidogo kwenye simu. Nimeona picha nzuri sana zilizotokana na simu. Na yeyote anayenyunyiza dawa kila wiki kwenye mboga asishangae akikosa cha kupiga.

Wapo wataalamu wanaosema picha si ushahidi, kwamba mdudu ni yule aliyechomwa pini. Mwaka 2012 mdudu wa kijani kutoka Malaysia, Semachrysa jade, alipewa jina baada ya mtaalamu Shaun Winterton kumwona kwenye picha iliyowekwa mtandaoni na mpiga picha Guek Hock Ping. Hata hivyo ilibidi Guek arudi msituni kumtafuta mwingine ili achunguzwe. Mwaka 2015 nzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, aliandikwa kwa picha peke yake, na ubishi wake ukawa mkali. Mimi naona kwamba kumpa mdudu jina jipya bado kunahitaji mwili wake. Lakini kujua aliko, saa ngapi anatoka, anakula nini na nani anamla, picha inashinda pini, na haya ndiyo yanayokosekana zaidi kuhusu Ituri.

Ili picha iwe ushahidi, iandikiwe tarehe, saa, mtaa, mmea aliokutwa juu yake na hali ya mvua. Jina la mtaa linatosha. Usiandike nyumba ya mtu kwenye mtandao, hasa mjini kwetu. Picha iliyo na maelezo hayo ikipelekwa kwenye jukwaa la iNaturalist, mtaalamu wa nzi aliye Tervuren, Ubelgiji, au Nairobi anaweza kuijibu.

Ombi langu kwa chuo chetu ni dogo kwa gharama. Tuwe na diski ya picha za wadudu wa Bunia, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aingize za parseli yao, na nakala yake itunzwe mji mwingine. Tumeona nyaraka zikichomwa na ofisi zikiporwa. Nakala ya pili ianze kupelekwa mwaka huuhuu.