Ndege Ilitua Salama, Kompyuta Ikajifunga

Hotuba kwa mkutano wa kamati za parokia na wafadhili wa darasa la kompyuta la vijana



Tumeombwa tuwaeleze yaliyolipata darasa letu la urubani mwishoni mwa mwaka 2025, na kwa nini lile ombi la fedha za kompyuta mpya tulilowaletea tuliliondoa mezani wiki mbili baadaye. Baadhi yenu mlitushangaa. Ni haki yenu kusikia habari yote, pamoja na makosa yetu.

Kwa wale ambao hawajafika kituoni, darasa lina kompyuta sita zilizokwisha kutumika, ambazo tulizipata kwa msaada wenu. Ndani yake kuna Microsoft Flight Simulator X, programu ya kuigiza urushaji wa ndege iliyotoka mwaka 2006. Ni ya zamani, lakini haidai intaneti kila saa na haihitaji mashine ya bei kubwa. Kijana anaketi mbele ya kioo, anashika usukani wa mezani, anapaa kutoka Zanzibar kwa Cessna 172 na kutua Dar es Salaam baada ya dakika ishirini na kitu. Tuseme wazi kwamba saa hizo hazihesabiwi katika leseni. Kiwango cha kawaida cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 katika ndege yenyewe, na kila saa inalipiwa fedha nyingi. Faida ya darasa letu ni kwamba kijana anayefika chuoni akiwa amezoea kusoma kipimo cha mwendo na cha kimo hatumii saa zile za bei ghali kujifunza mambo hayo.

Kwa sababu hiyo kila saa tunaiandika. Programu yenyewe ina daftari lake la safari ambalo hujazwa kila safari inapomalizika, nasi tukilitegemea hilo tunapowaandikia vijana barua za kuombea nafasi chuoni.

Sasa tuje kwenye tatizo. Matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tuliona si vema kuacha kompyuta za vijana bila kinga, tukaamua kuzipandisha hadi Windows 11. Nne zilikubali. Mbili zilikataa, kwa kuwa hazina kile kifaa cha usalama ambacho mfumo mpya unakidai. Zile nne tulizipandisha zote Jumamosi moja, bila kuhifadhi nakala ya faili hata moja. Tulikuwa na haraka, maana darasa lilikuwa linafunguliwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo kijana wa kwanza alipaa vizuri, akatua vizuri, akabonyeza kumaliza safari, na programu ikajifunga yenyewe. Akarudia, ikawa vilevile. Hadi jioni kompyuta tatu kati ya nne zilikuwa na ugonjwa huo, na ya nne ilikuwa na wake.

Siku zilizofuata tulifanya yale ambayo pengine nanyi mngeyafanya. Tulilaumu umeme. Fundi akaja akapuliza vumbi. Tukaifuta programu na kuiweka upya kutoka kwenye diski, siku mbili nzima, na haikusaidia kitu. Tukabadilisha kiendeshi cha kadi ya picha, maana mfumo mpya ulikuwa umeweka kile cha jumla badala ya kile cha mtengenezaji wa kadi. Picha ikaacha kutetemeka, lakini kujifunga kukabaki palepale. Hapo ndipo tulipokata tamaa na kuwaandikia ombi la kompyuta mpya.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa darasa, ambaye si fundi wa kompyuta. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: mbona zile mbili zilizokataa zinafanya kazi, na programu ni ileile, diski ni zilezile, na umeme ni huuhuu? Hatukuziacha kwa busara yetu, lakini zilitufaa kuliko fundi. La pili: mbona haijifungi angani hata siku moja, ila mwisho wa safari tu?

Basi tukafungua kumbukumbu za matukio ya Windows. Kila programu inapojifunga kwa hitilafu, mfumo huandika saa, jina la programu, jina la faili iliyokuwa ikifanya kazi wakati huo, na namba ya kosa. Yetu ilikuwa 0xc0000005, maana yake programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Namba hiyo haikutosha kutaja mkosaji, lakini saa zilizoandikwa zililingana kabisa na zile za kumaliza safari. Na kazi inayofanyika mwisho wa safari ni kuandika katika daftari.

Daftari hilo ni faili ndogo iitwayo logbook.BIN, katika folda ya Flight Simulator X Files ndani ya Documents. Tulilihamishia kando katika kompyuta moja tu. Kijana akapaa, akatua, akamaliza safari, na programu ikatengeneza daftari jipya bila kujifunga. Siku ya pili tukafanya hivyo katika zile mbili nyingine.

Tunavyoelewa sisi, wakati wa kupandisha mfumo tuliulizwa kama tunataka Documents ihifadhiwe katika OneDrive, nasi tukabonyeza ndiyo bila kusoma. Faili zikaanza kuhamishwa kwa intaneti yetu ya vifurushi, inayokatika kila mara, na madaftari yakaharibika. Programu ilipokuta daftari bovu haikujua la kufanya.

Ile ya nne ilikuwa ikijifunga mtu anapofungua menyu mara nyingi mfululizo. Hilo ni tatizo la zamani la programu hii, linalohusu faili iitwayo UIAutomationCore.dll, na dawa inayojulikana ni kuweka toleo la zamani la faili hiyo ndani ya folda ya programu. Tahadhari: msiichukue kutoka tovuti msiyoijua. Kijana wetu mmoja alijaribu, akatuletea virusi. Kwa sasa kompyuta hiyo tunaiendesha kwa vitufe vya kibodi badala ya menyu, na mambo yanakwenda.

Hapa tuwageukie wafadhili kidogo. Rafiki yetu mmoja alitutumia diski za toleo la kabla ya hili, lile la mwaka 2003 lililotolewa kuadhimisha miaka 100 tangu ndugu wawili wa Wright waruke. Tunamshukuru sana. Lakini diski hizo zina kufuli liitwalo SafeDisc la kuzuia kunakili, na Windows haikubali kufuli hilo tangu toleo la 10 la mwaka 2015, kwa sababu lilikuwa mlango kwa wezi wa kompyuta. Diski ni nzima, ila haifunguki. Tunaomba mtuulize kabla ya kulipia posta.

Na kamati zinazopanga kupandisha mifumo katika ofisi za parokia: anzeni na kompyuta moja, muiache wiki nzima. Faili za hesabu na za ubatizo zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Sisi tumenunua moja, na hiyo ndiyo matumizi pekee yaliyotokana na sakata lote hili. Stakabadhi iko kwa mhasibu.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kulitengeneza. Madaftari yaliyoharibika hayakufunguka tena. Msichana mmoja aliyekuwa akitumia kompyuta namba tatu alikuwa na saa 31, na alikuwa akisubiri barua yetu ya chuo. Mwalimu alikuwa na daftari lake la mkono, lakini aliacha kuliandika mwezi Agosti, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikiandika yenyewe. Mle zilikuwamo saa 19. Wajumbe wawili walitaka tuandike 31, maana sote tulimwona akirusha. Tulibishana hadi usiku, tukaandika 19, kwa sababu ndizo tulizoweza kuzionyesha kama chuo kingeuliza.

Alipoisoma barua alituuliza zile kumi na mbili ziko wapi. Tulimwonyesha lile faili kwenye kioo, na jina lake, na ukubwa wake. Alijaribu mwenyewe kulifungua, mara tatu.