CHAKULA CHA ASUBUHI CHA KUSHIBISHA JAMAA
(Maneno ya moniteri mbele ya watu wa kijiji)

Mimi ni mtoto wenu, mnisikilize kidogo. Leo nitasema juu ya sufuria ya asubuhi.

Mnajua mambo ya kwetu. Wanaume wengi wanakwenda machimbo ya zahabu na ya kasiterite. Mashamba yanabaki kwa wamama. Basi wanapanda muhogo tu, kwa sababu muhogo unavumilia. Asubuhi mtoto anapewa kipande cha bugali baridi cha jana, ao hapewi kitu.

Je, bugali wa muhogo ni mbaya? Hapana. Unashibisha tumbo na kuleta nguvu. Lakini haujengi mwili. Mtoto anayekula muhogo tu kila siku, mwisho miguu yake inavimba, uso unavimba, nywele zinageuka nyekundu, hataki kucheza. Huku Bushi tunaita ugonjwa huo bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor. Kule Lwiro, upande wa Kabare, waganga wametunza watoto wa namna hii miaka mingi. Watu wengine wakiona uvimbe wanasema: «Amenenepa.» Wengine wanasema: «Amelogwa.» Si hivyo. Ukiona alama hizo, mpeleke mtoto kwa waganga siku ile ile.

Niliona nyumba moja. Baba alirudi toka machimbo na redio mpya. Juma lile lile mama alibeba mtoto wa bwaki kwenda hospitali. Pesa zilikuwamo nyumbani. Soya haikuwamo.

Sasa dawa ya kuzuia ni gani? Ni unga wa masoso, maana yake mahindi, mtama na soya. Fanyeni hivi:

1. Pima vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Chagua vema, punje yenye ukungu itupwe, kwani ina sumu.

2. Kaanga soya peke yake, moto mdogo, ukikoroga daima, hata ipate rangi ya kahawia na kunukia. Usifanye haraka: soya mbichi inasumbua tumbo, na mwili haupati faida yake. Kaanga mahindi na mtama kidogo tu.

3. Twanga ao peleka kwa mashini. Weka unga pahali pakavu, katika chombo chenye kifuniko.

Kwa uji: koroga kikombe kimoja cha unga katika maji baridi, mimina katika vikombe vinne ao vitano vya maji yanayochemka, upike dakika 20. Kama una sambaza wakavu, watwange, utie kijiko kimoja. Samaki hao waliletwa katika ziwa letu la Kivu toka Tanganyika mwaka 1959, na leo ni chakula kizuri cha kujenga mwili.

Katika Ulaya na Marekani jamaa nyingi huoka nafaka inayoitwa oti pamoja na maziwa na matunda, wapate kula asubuhi. Sisi hatuna oti wala tanuru, lakini tunaweza kuoka masoso. Jioni ponda ndizi tatu mbivu, tia vikombe viwili vya unga, chumvi kidogo, kijiko cha mawese, na yai kama kuku ametaga. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo hata iwe nzito. Funga katika majani ya mgomba yaliyopitishwa juu ya moto. Weka katika sufuria, funika, tia makala machache chini na mengine juu ya kifuniko. Ngoja kama saa moja. Asubuhi baba anayekwenda machimbo mapema anachukua fungu lake, mtoto wa shule lake, na mama hasahau lake.

Mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe uji. Maziwa ya mama yanamtosha.

Wababa, neno la mwisho ni lenu. Mkirudi toka machimbo, pesa ya kwanza inunue mbegu ya soya, nanyi mlime mistari michache karibu ya nyumba. Jumamosi kila mama alete kikombe kimoja cha soya. Tutakaanga pamoja, na anayejua atamfundisha asiyejua.