Mwenzetu wa Reli na Kinanda



Tumepewa dakika tano za kumkumbuka mwenzetu. Tuliokua naye tunajua dakika tano kwake zilitosha salamu tu.

Alipenda vitu viwili, reli na kinanda. Utotoni alitupeleka stesheni, akatusimulia kwamba Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Sisi macho yalikuwa kwa wauza miwa, yeye anahesabu mabehewa. Usiku honi ikilia, anaitajia noti: hiyo la, hiyo fa. Tulimcheka mpaka siku tulipomsikia kanisani, kwenye kinanda kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Siku za mazoezi hata wenzetu Waislamu walisimama dirishani kumsikiliza. Naye hakukosa ubwabwa wa Maulidi kwao.

Alifariki Februari 2024. Treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni mwaka huohuo. Nauli yake alishaiweka kwenye bahasha. Tulimwomba mama yake ruhusa, tukapanda sisi kwa bahasha ile. Hata saa mbili hazikufika tukawa Morogoro. Kuanzia Ngerengere hakuna aliyesema neno.

Sasa hesabu, maana sisi wahasibu hatuna ugonjwa mwingine. Mwaka 2021 aliomba chama kinunue vinanda viwili vya umeme, watoto wa kata wajifunze baada ya shule, wa dini yoyote. Ombi likawekwa kwenye "mengineyo". Muda ukaisha. Mwaka uliofuata, mengineyo tena. Mihtasari tunayo, tuliiandika wenyewe.

Hakulalamika. Alikunjua boksi, akachora kinanda kizima kwa kalamu, vibao vyeupe na vyeusi, akafundishia hapo huku akiimba noti kwa mdomo. Boksi lenyewe ni hilo mezani. Watoto sita bado wanalitumia.

Leo ombi lake ni ajenda ya kwanza. Tunatafuta shilingi 1,800,000. Katika bahasha yake ilibaki chenji. Hiyo tumeshaiingiza kitabuni, mstari wa kwanza. Wahudumu, pitisheni bahasha.