Nauli ya Asubuhi: Lugha na Msuko katika Mwanzo wa Filamu ya Mwanafunzi Kuhusu Uraibu



Mwanafunzi anayeandaa filamu fupi kuhusu uraibu wa heroini hukabiliwa na swali moja kabla hajashika kamera: mtazamaji ajue nini katika dakika 2 za kwanza, na ajue kwa njia gani? Jibu la haraka limezoeleka: kichochoro, sindano, muziki wa huzuni, kisha sauti ya msimulizi inayoonya. Mwanzo wa namna hiyo hauna msuko. Una hukumu, na hukumu ikishatolewa kesi haina haja ya kusikilizwa.

Lugha nayo huchangia. Neno teja la mitaa ya Dar es Salaam huhusishwa na mteja, yaani mnunuzi. Kwa kudondosha m- na kuchukua wingi wa mateja, limehama kutoka umbo la m-/wa- na kuingia lile la ji-/ma-, ambamo Kiswahili huweka pia ukubwa na dharau, kama katika jitu na majitu. Upatanisho wa kisarufi bado ni wa kiumbe hai, teja huyu, lakini umbo limekwisha kumshusha. Uraibu, kwa upande wake, ni neno la zamani lenye staha, la tambuu, popoo na tumbako. Mwandishi anayemwita mhusika wake teja katika sekunde ya 10 amekwisha kumwamulia mtazamaji.

Billy Wilder, katika The Lost Weekend (1945), alilitatua jambo hili bila kutamka neno. Kamera inapita juu ya majengo ya New York hadi kwenye dirisha ambako chupa ya pombe inaning'inia nje kwa kamba. Ndani, Don Birnam anafungasha mizigo ya safari na ndugu yake. Mtazamaji ameijua siri, na taharuki imezaliwa.

Chupa hiyo haiazimiki hivi hivi. Kete ya heroini ni ndogo mno kuonekana kwa mbali, na katika nyumba ya mraibu kinachoonekana ni kile kilichotoweka. Basi mpango uwe huu. Ni alfajiri, chumba cha Temeke. Juu ya kabati vumbi limeacha umbo la mraba, mahali ilipokuwa redio. Kijana anapiga miayo, makamasi yanamtoka, ngozi imemsisimka ingawa kuna joto. Anasema, "Shikamoo mama." Mama anachelewa kidogo. Anaitikia, "Marahaba," huku mkono wake ukishika pindo la kanga alimofunga ufunguo na fedha. Kijana anaomba nauli ya kwenda Muhimbili.

Hospitali hiyo ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Ni dawa ya maji ambayo mgonjwa, hasa mwanzoni mwa tiba, huinywa mbele ya mhudumu kila siku, asiyefika hapati. Dozi za awali huwa ndogo, hivyo dalili za arosto zaweza kumwandama hata aliyekwisha kuanza tiba. Miayo ile haithibitishi lolote. Nauli inaweza kuwa nauli kweli, na inaweza kuwa kete. Mama amewahi kuombwa kwa neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo, na redio haikurudi. Uraibu umelichakaza neno la kawaida kabisa, na hapo ndipo msuko unapoanzia: akimnyima, huenda anamzuilia dawa, akimpa, huenda anamnunulia sumu.

Inafaa mwanafunzi ajizuie asilijibu swali hilo mapema. Picha ikatwe mama anapoanza kulifungua fundo kwa meno, kabla sarafu hazijaonekana, na jina la filamu litokee hapo. Neno teja lisubiri hadi dakika ya 5 au ya 6, litoke kinywani mwa kondakta wa daladala, wakati mtazamaji ameshamjua kijana kwa shikamoo yake.