Kiti cha Jirani



Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, twamkuta bwana mmoja Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia wake, akirejea kwao kutoka Yerusalemu. Amekaa garini mwake akimsoma nabii Isaya. Filipo yuko katika barabara ile ile, iteremkayo kuelekea Gaza, naye hana chombo. Roho anamwagiza alisogelee lile gari, naye anakimbia hadi ubavuni mwake na kuuliza swali moja tu: kama msomaji anaelewa asomacho. Yule bwana hakuona haya. Alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, akamkaribisha mgeni mwenye vumbi miguuni apande na kuketi pamoja naye.

Sisi tunaohubiri tumezoea kukimbilia ubatizo unaofuata. Leo tunaomba tubaki pale kwenye kiti. Tunayo sababu, nayo si ya kutupa sifa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 tulikuwa Italia, mapadre wawili wa huku kwetu, na wenyeji wetu walitupatia tiketi za treni ya mwendo kasi kutoka Roma kwenda Milano. Ni safari ya zaidi ya kilomita 550, nasi tuliambiwa tutafika baada ya saa tatu. Tulitazamana. Saa tatu baada ya kuondoka Ngara, abiria wa basi kwa kawaida bado hajaiona Kahama.

Makatekista wametuuliza mara nyingi treni hiyo ikoje, nasi tueleze kidogo. Ikifikia kilomita 300 kwa saa inapita mita 83 kila sekunde, hata ukisema "Amina" umekwisha kuuacha nyuma karibu uwanja mzima wa mpira. Ndani huhisi kitu. Maji katika glasi yanatikisika kidogo tu. Dereva hawezi kutegemea taa za kando ya reli, kwa kuwa zingempita kabla hajazisoma vema; ishara anazipata ndani, mbele ya macho yake. Akitaka kusimama, anahitaji kilomita kadhaa. Na kwa kuwa mwendo huo haupendi kona kali, njia yenyewe imenyooshwa: kati ya Bologna na Firenze, kipande kilichofunguliwa mwaka 2009, zaidi ya kilomita 70 kati ya 78 zimo ndani ya mahandaki, chini ya milima. Juu yake kuna vijiji, makanisa na mashamba, lakini abiria haoni kitu ila uso wake mwenyewe katika kioo.

Tusieleweke vibaya. Hatuulaumu mwendo. Tunapenda kusema kwamba haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo msimwambie mtu aliyembeba mke wake kwa machela usiku, uchungu umemkaza, na zahanati iko mbali. Wala tusijidanganye kwamba safari za zamani zilikuwa tamu. Mnaokumbuka miaka ya 1990 mnajua jinsi mabasi yalivyopita katika msitu wa Biharamulo kwa kufuatana, yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na abiria wakisali rozari bila kuambiwa na padri. Mwendo ni kipaji, na anayeutengeneza ametumia akili aliyopewa na Mungu.

Basi, ilikuwa baada ya Firenze. Upande wa pili wa njia ya katikati aliketi dada mmoja Mwafrika, amevaa vizuri, mkoba magotini. Simu yake iliita. Akaitikia kwa sauti ya chini, na sisi wawili tukageuka kwa pamoja, maana alikuwa akisema Kirundi. Mnajua ninyi Wahangaza jinsi lugha hizi zilivyo ndugu, halikutupita neno. Baba yake alikuwa amefariki. Walikuwa wakimweleza kwamba mazishi ni kesho, kwamba hawataweza kumngoja, kwamba asigharimike bure. Yeye akarudia mara mbili au tatu: huyu ndiye aliyenibeba mabegani mpaka Lukole.

Lukole! Kambi ya Lukole ilikuwa hapa Ngara, na ilifungwa mwaka 2008. Baadhi yenu mliuza ndizi pale. Mmoja wetu alifundisha pale katekisimu ya watoto. Haiwezekani kujua, lakini yawezekana kabisa kwamba mtoto yule alikaa mbele yake chini ya turubai akijifunza ishara ya msalaba.

Dada yule alikata simu, akafunika uso kwa kitambaa, akalia bila sauti. Nasi tulifanya nini? Hatukufanya kitu. Mmoja aliwaza kwamba mwenzake ndiye mwenye Kirundi kizuri zaidi. Mwenzake aliwaza kwamba si adabu kuonyesha kuwa umesikia mazungumzo ya mtu. Gari zima lilikuwa kimya, kila mmoja na kitabu chake au simu yake, na ule ukimya ukatuingia kama baridi. Tukaona aibu kuwa watu wa kwetu mbele ya watu wa kule. Tukaingia handakini tena, tukajitazama katika kioo. Milano ikafika upesi kuliko tulivyotaka. Watu wakasimama, milango ikafunguka, na dada akapotea katika umati.

Mapadre wawili, wapendwa. Kiti kilikuwa hatua moja kutoka tulipokaa.

Jioni ile hatukuweza kula vizuri, na tulipofungua vinywa ilikuwa kukumbushana mambo ya mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Walikuja kwa miguu, na kwa kuwa walikuja kwa miguu, tuliwaona nyuso. Tuliona mzee aliyebeba mkeka, na mama aliyeshika mkono wa mtoto asiye wake. Hakuna mtu wa Ngara aliyeweza kusema hakuona. Miti yetu ilikatwa, visima vilikauka, na walikuwapo walionung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika. Hata hivyo maji yalitolewa kwanza, manung'uniko yakafuata. Sisi tuliokulia katika ukarimu huo ndio tulioshindwa kuvuka njia ya katikati ya treni.

Kwetu nako treni ya umeme imefika, ingawa bado iko mbali na Kagera. Mwezi wa Juni mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mwendo wake ni hadi kilomita 160 kwa saa. Mwaka jana tulisafiri nayo tena sisi wawili, tukitoka Dodoma. Tulikuwa tumepatana tangu kituoni: safari hii tutasalimia.

Jirani yetu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi na bahasha kubwa ya kaki. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," akavuta kofia machoni, akalala. Alilala hata mahandaki ya Kilosa yalipotupita. Tulicheka wenyewe: Filipo alipewa mtu mwenye kiu ya kuuliza, sisi tumepewa mwenye usingizi.

Baada ya Morogoro aliamka, akatutazama kwa muda, akaiona misalaba midogo kwenye kola zetu.

"Ninyi mapadri?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa wapi?"

Tulipotaja Ngara aliketi wima. Yeye alikuwa wa Nyakahura, Biharamulo. Alikuwa amekuja na basi hadi Dodoma, na sasa alikuwa akienda Muhimbili, peke yake, kwa kuwa nauli ya watu wawili haikupatikana. Akafungua ile bahasha kwa uangalifu, akatoa barua ya rufaa, karatasi tatu zilizokunjwa.

"Kule wamenieleza haraka haraka, na mimi nikaitika tu," alisema. "Nilichoelewa ni tarehe. Nisomeeni, padri, mnieleze taratibu."

Mmoja wetu akahamia kiti cha karibu naye. Mwandiko ulikuwa mbaya, na maneno mengine tulilazimika kuyarudia, na mengine tulimwambia wazi kwamba ni ya kumuuliza daktari. Tulipopita Pugu tulikuwa bado kwenye karatasi ya pili.