Meno ya Utoto Yana Kazi

Leo tusome habari za meno.

Mtoto ana meno ya utoto 20. Wazazi wengine husema, "Yatang'oka tu, ya nini kuyatunza?" Sivyo. Kila jino la utoto hulishikia nafasi jino la ukubwani. Likioza na kung'olewa mapema, majirani zake husogea pengoni. Jino jipya likija hukuta njia imezibwa, nalo huota kombo.

Mtoto apatapo miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya yale ya utoto. Msidhani ni la utoto. Hilo likitoka, halirudi.

Kunyosha meno kwa waya huchukua miezi mingi, pengine miaka 2, na fedha nyingi. Mswaki asubuhi na usiku ni rahisi zaidi.