Sauti Chini ya Milima



Sisi tuliokulia Kasenga tunayo milima ya Mitumba upande wa magharibi, na ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Utotoni tuliielekea milima tukaita. Nayo ikaturudishia majina yetu. Tulidhani inatufahamu.

Katika seminari ndogo sauti yetu ikageuka, ikawa nzito na ya kukwaruza. Tukaondolewa katika safu ya watoto wa korali. Tukaona haya, tukanyamaza. Mama akatuambia: «Ile ya kwanza ilikuwa ya kuimba. Hii ni ya kuita watu.»

Neno hilo tulilielewa usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Tulipita gizani tukiita majirani kwa majina. Wengi waliitika. Wengine hawakuitika, na milima nayo haikurudisha kitu.

Basi, wazazi, sauti ya kijana ikigeuka, msimcheke. Mpeni somo alisome katika Misa. Na katika jubilei hii tuwataje wasioitika, mmoja mmoja. Mungu anayeita kila mtu kwa jina lake awapokee. Amina.